Kitabu cha Watoto Kilichofungwa Uchagani

Kwa miaka mingi niliamini, na ningeapa mbele ya kadhi na mbele ya kasisi wakiwa wamekaa mkeka mmoja, kwamba ukifungua kitabu cha Mwalimu hali mikono yako michafu, herufi za Kiarabu zitatoka ukurasani kama siafu, zikupande kidoleni, zivuke kiwiko, zipite begani na kukuingia puani. Zikishaingia, basi tena. Utapiga chafya mpaka meno yalegee. Na dawa yake haiko hospitali wala kwa mganga. Dawa yake ni bibi mzaa mama akuwekee ungo chini ya pua, upige chafya juu ya ungo ule, naye azipepete hizo herufi kama apepetavyo mchele, nukta ziende upande huu na mikia upande ule, kisha azirudishe kitabuni moja moja.

Usinicheke. Kwetu ng'ambo ya mto Sabaki hakuna aliyekuwa halijui hilo. Niliwasikia kwanza watoto wachunga mbuzi wakisimuliana, lakini baada ya mwezi hivi wazee wenyewe walikuwa wakilisema kwa sauti ya chini, na mzee akisema kwa sauti ya chini, nani wewe ubishe? Tena ushahidi ulikuwepo. Palikuwa na jirani yetu aliyepiga chafya tangu Idi mpaka mahindi yakabeba. Alikuwa akipiga chafya kuku wanaruka, makuti yanatikisika, na huko mjini Malindi watu wanafunga madirisha wakidhani mvua inakuja. Kwamba jirani huyo alikuwa mnusaji wa tumbako tangu ujana wake, hilo hakuna aliyelitia maanani.

Sasa nimweleze Mwalimu mwenyewe, kwa sababu hasira yangu yote inatokana na alivyofanyiwa.

Mwalimu ni bibi wa Malindi ya zamani, mfupi, mwembamba, mwenye sauti inayopita ukuta wa mawe. Kazi yake ni kuwaandikia watoto hadithi kwa Kiarabu. Si dua, si hukumu za twahara, si mambo ya siku ya kiyama. Hadithi za kuchekesha! Kuku aliyevaa makubazi ya ngozi miguuni. Mbuzi aliyekula kofia ya mwalimu wa chuo cha Kurani kisha akaanza kutoa adhana. Kima aliyekwenda kuposa.

Nilimjua kwa ajili ya maziwa. Mimi huchukua maziwa ya pakiti kutoka Mariakani kwa gari yangu aina ya Probox, nikayashusha maduka ya Kilifi na Malindi, na nyumba yake ilikuwa katika njia zangu. Siku ya kwanza alinikaribisha barazani, akanipa kahawa na kaimati, na kabla sijameza ya pili nilikwisha kujua nusu ya maisha yake.

Alisoma chuoni utotoni kama watoto wote wa mji ule, juzuu mapajani na fimbo ya henzerani ya mwalimu juu ya kichwa. Akahifadhi. Akasoma kwa sauti nzuri hata wazee wakawa wanasimama uchochoroni kumsikiliza. Lakini kuelewa anachokisoma, hilo halikuwa somo. Akaolewa, mumewe akapata kazi ya bandarini Arabuni, wakahamia huko. Na huko, alivyonisimulia, siku moja alikaa sebuleni kwa jirani na mtoto wa nyumba akawa anasoma kitabu peke yake pembeni, mara mtoto akaangua kicheko.

"Nilishtuka," aliniambia. "Nikafikiri amepandwa na pepo. Kumbe anasoma habari za sungura. Mwanangu, mimi nilikuwa mtu mzima na watoto wangu, na siku hiyo ndiyo nilijua kwamba Kiarabu kinachekesha. Mimi nilikijua kwa henzerani na moto wa Jahanamu tu."

Hapo ndipo alipoanza. Akawaandikia wanawe kwanza, usiku akiwasomea. Wakacheka. Akawaandikia wa majirani, nao wakacheka. Ikafika hadi hadithi zake zikachukuliwa na wachapishaji wa kulekule, na kikatoka kitabu chenye picha za rangi, halafu cha pili, halafu vingine.

Hapo na mimi nikapiga makofi, nikasema, "Mashallah, Mwalimu, ukawa tajiri!"

Akanitazama kwa huruma, akanionyesha picha za kitabu cha kwanza. Yeye aliandika mnazi, wao wakachora mtende. Yeye aliandika binti aliyejifunga leso kiunoni, wao wakamvika nguo ambayo binti wa Malindi angeivaa siku ya kwenda kuzikwa. Kima, eti hawamjui, wakamtia paka. Paka akaenda kuposa! Na barua waliyomwandikia ilimsifu sana, ikasema Kiarabu chake ni kitamu, *ingawa* ni mtu wa huku kwetu.

Ile "ingawa" ilinipanda kichwani hata leo haijashuka. Ningekuwa na nauli ningepanda ndege nikamtafute aliyeiandika, nimkalishe chini, nimnyweshe madafu mpaka aombe radhi. Ingawa! Mtu anakupikia pilau, wewe unamwambia ni tamu ingawa sufuria ni lake.

Mwalimu hakukasirika. Au alikasirika zamani ikamwishia. Mumewe alipofariki, alirudi Malindi na makasha ya vitabu vyake, na nia moja tu. Alitaka watoto wa pwani yetu, wanaojifunza herufi zilezile kila jioni chuoni, wavifungue vitabu vile na wacheke. "Wamejifunza Kiarabu kwa kuogopa," alikuwa akisema. "Nataka wajue pia kwa kucheka. Sitaki zaidi."

Ni jambo kubwa hilo? Ni kuomba mwezi? Basi sikiliza yaliyompata.

Wewe msomaji wa pwani unajua desturi yetu na karatasi yenye maandishi ya Kiarabu. Haikanyagwi. Haifungiwi viazi karai. Ukiikuta njiani unaiokota, unaigusisha kipaji cha uso, unaichomeka kwenye ufa wa ukuta, juu, pasipofika mguu wa mtu, kwa sababu huenda ina jina la Mwenyezi Mungu. Na ikichakaa haitupwi jaani, hupelekwa baharini ikatiwa maji kwa heshima. Hata sisi wa bara, wa kanisani na wa mizimu, tunaishika desturi hiyo. Mama yangu, anayekwenda kanisani kila Jumapili kwa miguu yake, aliwahi kuokota boksi la sabuni ya unga lililotoka Arabuni, lenye maelezo ya namna ya kufua soksi, akalichomeka kwenye makuti juu ya kitanda chake. Lilimlinda, alisema, msimu mzima wa masika.

Desturi nzuri. Siitukani. Lakini ukiichukua desturi hiyo ukaipachika juu ya hadithi ya mbuzi aliyekula kofia, utapata msiba.

Vitabu vya Mwalimu vilipokewa kote kwa mikono miwili. Nilikuwapo, mimi ndiye niliyevibeba garini katikati ya kreti za maziwa. Chuo cha kwanza mwalimu mkuu alikibusu kitabu, akakigusisha kipaji, akakitia kabatini, akafunga kwa kufuli. Chuo cha pili walikivika kitambaa cheupe. Muhindi mwenye duka la vyuma alikiweka juu ya droo ya fedha, nyuma ya kalenda, na asubuhi alikifukizia udi. Watu walimshukuru Mwalimu mpaka akachoka kuitikia. Na hakuna hata mmoja, naapa, hata mmoja aliyekifungua.

Tukirudi mjini Mwalimu alikuwa akiwauliza watoto wa uchochoroni kwake, "Mmesoma kile cha kuku?"

"Kiko juu, Mwalimu."

"Na kile cha mbuzi?"

"Nacho kiko juu. Hatukifikii."

Miaka na miaka, jibu ni hilo. Kiko juu!

Na mimi? Mimi nilikuwa nikivibeba nimetia pamba puani. Nilikwambia niliamini. Makasha yale nilikuwa nayafunga kwa kamba ya katani kama ng'ombe wa wizi, pamba puani, kioo cha gari wazi hata mvua ikinyesha, ili siafu wakitoka wapeperuke. Mwalimu alidhani nina mafua yasiyopona. Alikuwa akinipa chai ya tangawizi kila nikifika, na mara moja alinipa mafuta ya habasoda nijipake kifuani. Nilinywa na nikajipaka. Ningemwambiaje bibi mwenye heshima kama yule kwamba vitabu vyake vina wadudu? Hata baada ya yeye mwenyewe kunisukuma nikaenda ngumbaru, pamba ilibaki mfukoni.

Ndiyo, ni yeye aliyenipeleka ngumbaru. Alinitazama siku moja nikishusha makasha akasema, "Baba, unabeba vitabu vya watu na wewe mwenyewe huna hata kimoja." Nikaanza darasa la jioni, mimi na mafundi uashi na akina mama wa sokoni, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa masikio. Nilipofanya mtihani nilifaulu kwa namna ambayo, nasikia, walipiga simu Nairobi kuuliza kama kuna alama zilizobaki huko wanipe. Nikajua kusoma Kiswahili na Kiingereza cha kunitosha kugombana na polisi wa barabarani. Kiarabu hapana. Kiarabu nilikiacha na siafu wake.

Lakini hasira yangu ilikua pamoja na elimu yangu. Nilianza na nyumbani.

Kitabu kilichokuwa kwetu hakikuletwa na mimi. Dada yangu ameolewa na Muislamu, na binti yake mdogo anasoma chuo upande ule wa daraja la Sabaki. Mwalimu alipokwenda huko mara ya kwanza, kabla hatujajuana, alimkuta binti huyu anasoma vizuri na kuuliza maana ya kila neno, akamzawadia kitabu. Binti akaja nacho mbio kwa bibi yake. Bibi yake, yaani mama yangu, akampokonya kwa heshima zote, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akakifunga kwa ugwe uchagani, ile dari ya fito juu ya meko ambako mahindi hukaushwa kwa moshi. Kazi ya kitabu hapo ilikuwa kufukuza fukusi wanaotoboa mahindi.

"Mama," nilimwambia, "kitabu hicho ni cha watoto."

"Kwani watoto hawali sima?"

"Mama, Mwalimu amekiandika kisomwe. Si kifungwe kama hirizi."

"Tangu nikifunge umeona fukusi humu?"

"Fukusi wanakimbia moshi!"

"Moshi ulikuwepo tangu niolewe na baba yako, na fukusi walikuwepo. Kilichozidi ni nini?" Akanigeuzia mgongo, akaita, "Njoo wewe mtoto, panda unishushie mahindi! Mjomba wako amesoma ngumbaru, sasa anatufundisha habari za moshi."

Na yule binti wa dada yangu akapanda, kwa sababu uchaga ule haubebi mtu mzima, mahindi hushushwa na mtoto. Akakawia huko juu kama kawaida yake, mpaka bibi yake akamgombeza, akashuka macho mekundu, anapiga chafya. Mama akanitazama kwa jicho la ushindi. Nami, pamoja na mtihani wangu wote, nilirudi nyuma hatua nikajifuta pua.

Basi Mwalimu akaandika kitabu kipya. Aliniambia kimekwisha, kiko juu ya meza yake, muswada mzima kwa mkono wake mwenyewe, na mara hii amewaandikia wachapishaji mapema kwamba mnazi ni mnazi na kima ni kima. Nikafurahi nikataka kuupeleka posta siku ileile.

"Ngoja," akasema. "Macho yangu yamechoka, mwanangu. Kila ukurasa wa kitabu hiki umenichukua asubuhi nzima. Sitaupeleka mpaka nijue jambo moja. Nataka mtoto mmoja. Sitaki mia. Mmoja wa pwani hii aliyekisoma kitabu changu mpaka mwisho. Kama hayupo, basi nimekuwa nikizungumza peke yangu maisha yangu yote, na mtu anayezungumza peke yake huambiwa anyamaze."

Muda si mrefu ikaja habari kwamba atatuzwa. Watu wakubwa wa utamaduni waliandaa sherehe katika hoteli moja ya ufukweni kule Kikambala, na mgeni wa heshima ni yeye. Nikaisafisha Probox mpaka ikasahau harufu ya maziwa. Mwalimu akavaa buibui jipya, akajipaka udi, na njia nzima alikuwa kama bibi arusi. Alisema, "Huenda leo atakuwepo. Kwenye watu wengi hivyo, huenda atakuwepo mmoja."

Loo! Kuna hasira nyingi nimezila duniani, lakini ya Kikambala nilishindwa kuimeza.

Ukumbi ulijaa. Maua, maji ya chupa, vitambaa vya meza vyeupe kama sanda. Sisi madereva tulisimamishwa nyuma karibu na mlango wa jikoni. Na jukwaani, ndani ya sanduku la kioo, juu ya mto wa hariri nyekundu, kitabu cha Mwalimu. Kile cha kuku aliyevaa makubazi! Mwenyekiti wa sherehe, bwana mnene mwenye kofia ya kito iliyodariziwa, akasimama kuhutubia.

"Mama yetu huyu," akasema, "ametuandikia dua zilizoilinda pwani yetu. Nyumba ngapi zimekingwa na baraka za maandishi yake! Hata mimi mwenyewe, kitabu chake kiko juu ya mlango wangu, na tangu hapo wezi hawajakanyaga."

Watu wakaitikia amina. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vinakunja na kukunjua ncha ya mtandio.

Ndipo kikaja kijibinti kilichopewa kazi ya kumkabidhi maua. Kikampa maua, kikainama vizuri, na wakati wa kurudi kikapita kando ya lile sanduku la kioo. Kikamwona kuku na makubazi yake. Kikasimama. Kikanyoosha kidole tu, kidole kimoja kwenye kioo, na uso wote ukaanza kufunguka. Mama mmoja akamwahi, akampiga kofi mkononi.

"Usiguse! Huna udhu!"

Mtoto akalia. Mwalimu akainuka nusu, kisha akakaa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia sauti inapiga kelele ukumbini, nikatafuta ni nani huyo asiye na adabu, kumbe ni mimi.

"Mheshimiwa! Hicho ni kisa cha kuku!"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Kuku gani?" akauliza mwenyekiti.

"Kuku huyo hapo, si mnamwona? Ana makubazi! Mmeona wapi dua ina kuku wa makubazi? Si dua hiyo, ni hadithi, ya watoto, ya kucheka! Mfungulieni mtoto asome!"

"Na wewe ni nani?"

"Dereva wake."

"Dereva, kaa chini."

"Hamjatuwekea viti!"

Madereva wenzangu wakacheka. Mwenyekiti akanyoosha shingo. "Wewe unajua Kiarabu?"

"Sijui."

"Umesoma wapi?"

"Ngumbaru!"

Hapo ndipo walipocheka wote, ukumbi mzima, hata wapishi. Bwana mmoja wa meza ya mbele akasema, "Ngumbaru imetupa mufti!" wakacheka tena. Wakampa Mwalimu ubao wa kumbukumbu wenye dhahabu ya kupaka, wakapiga picha, wakala. Sanduku la kioo halikufunguliwa. Nilipouliza ufunguo uko wapi, mhudumu akaniambia kwa upole kwamba halina ufunguo, limegundishwa.

Tulipoingia barabara kuu Mwalimu aliulaza ule ubao mapajani, dhahabu chini. Tukapita njia ya Takaungu. Tukafika daraja la Kilifi, maji chini yanameremeta kwa jua la alasiri. Katikati ya daraja ndipo alipozungumza, polepole, kama mtu anayeagiza kitu dukani.

"Kesho asubuhi njoo unichukue unipeleke pwani."

"Pwani kufanya nini, Mwalimu?"

"Ule muswada. Nitautia maji, kama juzuu iliyochakaa. Ndiyo desturi. Angalau hiyo wanaijua."

Siwezi kueleza vizuri yaliyonipata. Kisha nikaanza kusema, na nikianza mimi hakuna breki. Nilimtukana mwenyekiti na kofia yake. Nikamtukana fundi aliyegundisha sanduku. Nikawageukia wa Arabuni na "ingawa" yao, na paka wao wa kuposa. Nikawasema walimu wa vyuo na makufuli yao, Muhindi na udi wake, nikafika hadi kwa mama yangu mzazi, jambo ambalo katika akili timamu silifanyi.

"Amekifunga uchagani, Mwalimu! Miaka! Kinapigwa moshi kama samaki wa ngonda! Nimemsihi mpaka koo limekauka. Na watu wetu ndivyo walivyo. Hata wangekishusha, nani angekifungua? Nani angethubutu, na wale siafu?"

"Siafu gani?" akauliza Mwalimu.

Nilikuwa nimeponyokwa.

"Baba, nakuuliza. Siafu gani?"

Tulikuwa tumepita Matsangoni. Nikajaribu kusingizia mashimo ya barabarani. Hakukubali. Basi nikamwambia, macho mbele, kwa heshima, kama mtu anayemtajia mgonjwa ugonjwa wake. Nikamwambia kwamba sisi wa ng'ambo ya Sabaki tunajua kuhusu herufi zake. Kwamba hatumlaumu. Kwamba mtu akifungua na mikono michafu zinatoka, zinapanda, zinaingia puani.

"Simamisha gari," akasema.

Nikasimamisha kando, chini ya kivuli cha mikorosho. Nikajua nimemuua. Alikuwa amenigeukia kiti kizima.

"Zikishaingia puani, inakuwaje?"

"Mtu anapiga chafya, Mwalimu. Sana."

"Na dawa?"

"Ungo."

"Ungo," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Nani anaushika?"

"Bibi mzaa mama."

"Anafanya nini?"

"Anazipepeta. Nukta upande huu..."

"...na mikia upande ule," akamalizia yeye. Akafunika mdomo kwa mtandio. "Hii umeambiwa na nani?"

"Kila mtu anaijua. Wazee."

"Kabla ya wazee?"

Nikafikiri. "Watoto. Watoto wachunga mbuzi, pale kwetu."

"Na huko uchagani mama yako alikokifunga, hupanda nani?"

"Binti wa dada yangu, yule uliyempa mwenyewe. Bibi yake humtuma mahindi. Lakini hukawia, Mwalimu, hugombezwa kila siku. Akishuka anapiga chafya, ndiyo maana nikasema..."

"Anapiga chafya au anacheka?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. "Yote mawili," nikasema.

Mwalimu akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kicheko, kicheko kilichopita kioo na mikorosho mpaka mbuzi waliokuwa ng'ambo ya barabara wakainua vichwa. Akanishika mkono, akacheka tena. "Na pamba!" akasema. "Ile pamba puani! Nami nakunywesha tangawizi!"

"Mwalimu, umenisamehe?"

"Kesho usije. Hatuendi pwani. Njoo keshokutwa, unipeleke posta na ule muswada. Tukitoka hapo unipeleke kwa mama yako, nikaonane na huyo mtoto."

"Na siafu?"

Akajifuta macho, akakaa vizuri kwenye kiti, akanijibu taratibu kama anavyowajibu watoto wa chuoni.

"Mwanangu, hakuna herufi inayomwingia mtu puani. Hicho ni kisa, nilikitunga mimi. Sijapata kumsimulia mtu yeyote kwa mdomo. Kimo tu katika kitabu kile nilichompa mtoto huyo, na ndicho kisa cha mwisho."